Nokia N93: simu ya 2006 inayogeuza shingo (wapiga video wa harusi mje hapa)

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo tumetoka nje, tuko Nyerere Square hapa Dodoma, kwa hiyo maiki ikivuma mjue ni upepo wa kwetu. Ndani nisingeweza kuwaonesha hii vizuri. Tazama mzigo. Nokia N93, ya mwaka 2006. Mfumo wake wa uendeshaji ni Symbian, S60, hayo mnayajua, siyarudii. Angalieni mkono wangu tu.

Nafungua. Kra! Sauti hiyo sijaiongeza mimi. Ikiwa hivi ni simu ya kukunja kama zile nyingine, vitufe chini, kioo juu, haina maajabu. Nafunga. Sasa nafungua nusu, ikae umbo la L, halafu kioo nakigeuza... kinazunguka kwenye bawaba... tayari, kiko pembeni. Simu nailaza kiganjani, na kamera imeshajiwasha. Menyu sijagusa! Mpiga picha wangu sogea, ngoja nirudie. Nafunga, nafungua nusu, nageuza. Imewaka. Aisee! Zile kamera za harusini, za kufungua kikoo ubavuni, ndiyo hii hii, ila inapokea simu.

Lenzi iko wapi? Hapa, kwenye ncha ya hili bomba la bawaba. Carl Zeiss, wale watengenezaji wa lenzi. Na hapa ndipo inaponimaliza: zumu yake ni ya lenzi kweli, mara 3. Vioo vinasogea humo humo ndani, ndiyo maana bomba ni nene hivi. Naelekeza kwenye sanamu ya Mwalimu... navuta... tazama uso. Umekuja wenyewe, haujachanika. Simu nyingi za bei ya chini ukivuta kwa vidole inakata kipande cha picha na kukipanua, basi, mtu anabaki vigae vigae. Narudisha. Navuta tena. Mnisamehe, hiki kitufe siwezi kukiacha.

Ni megapikseli 3.2 tu, video 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde. Leo ni ndogo, sikatai. Lakini wakati ule video za simu nyingi zilikuwa za kutazamia kwenye kioo cha simu yenyewe, na hii unachomeka waya kwenye TV ya chogo, familia nzima mnakaa mnatazama. Na ndugu zangu wa iPhone msinijie juu: iPhone ya kwanza, 2007, haikurekodi video kabisa. Mlisubiri 3GS, mwaka 2009. Haya.

Kipindi kile Nokia walikuwa wanajaribu kila umbo. Kuna 7600 ya 2003, umbo la tone, vitufe vimegawanywa huku na huku, kioo katikati. Kuna 3650, vitufe vimepangwa duara. Kuandika meseji ilikuwa adhabu. N-Gage angalau walikuwa na sababu, gemu, ila kubadilisha gemu ufungue mfuniko utoe na betri, na ukipigiwa unaisimamisha kwa ubavu sikioni, watu wanakucheka. Kwa 7600 na 3650 mimi naona umbo lilitangulia, sababu ikatafutwa baadaye. N93 walitaka zumu, zumu ikataka bomba, simu ikafuata bomba. Mtu wa 3650 aje tubishane kwenye komenti. Na wewe unayetazama kila wiki hujasabskraibu, nakuona kwenye takwimu, bonyeza hapo chini, haikugharimu kitu.

Tulikuwa wapi? N93 mfukoni. Gramu 180, unene milimita 28. Suruali ya kubana sahau. N95 ilipokuja na megapikseli 5 na GPS, hii ikafunikwa, ingawa N95 haina zumu ya lenzi. Watu walitaka simu ya kubeba, na kusema kweli hata mimi hii naipenda mezani kuliko mfukoni. Halafu bawaba. Waya bapa wa kioo unapita humo, na vumbi la Dodoma mnalijua, likishaingia humo mara ukigeuza kioo kinazimika. Usimpe mtoto aichezee kra kra. Memori kadi nayo ni miniSD, siyo hizi ndogo za siku hizi, utazunguka mji. WhatsApp usiulize, Symbian waliachwa 2017.

Bei. Mimi nimeitoa kwa jamaa pale Majengo kwa elfu themanini, na chaja ya pini nyembamba juu. Alianza laki na nusu, akasema ni ya kumbukumbu. Mkienda kununua za zamani, kabla hujatoa hela piga *#06#, hiyo namba ya IMEI, utambulisho wa simu, itume 15090 uone majibu. Simu feki TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizizima tangu Juni 2016, utabaki na pambo la kabatini.

Navuta mara ya mwisho... yule kaka wa zabibu kule anatupungia! Tumekuona kaka!

Wiki ijayo nina Nokia 7280, ile nyembamba ya 2004 waliyoiita lipstiki. Haina kitufe cha namba hata kimoja, unazungusha gurudumu tu. Nitasimama kwa wakala wa M-Pesa nijaribu kupiga *150*00# nayo, foleni ikiwa nyuma yangu.