Homa ya ini B: jenotaipu A na D

Mgonjwa wa Mbeya au Kyela akikutwa na homa ya ini B, dhania kwanza jenotaipu A (jenotaipu ni aina ya virusi kulingana na jeni zake), hasa tawi lake A1, lililozoeleka Afrika Mashariki hadi Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. D imeenea zaidi Mediterania, Mashariki ya Kati na India.

Kipimo cha haraka cha HBsAg, protini ya ganda la virusi, hakizitenganishi. Tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, huzibana zote, basi usicheleweshe dawa ukisubiri jenotaipu. Kwa intaferoni, dawa inayochochea kinga ya mwili, A huitikia vizuri kuliko D.

Mtego uko kwenye D: hupata kirahisi badiliko la jeni liitwalo G1896A, na HBeAg, protini ambayo kwa kawaida huashiria virusi vinazaliana, ikasoma hasi huku virusi vikizaliana. Pima wingi wa virusi. A1 nayo si mpole. Inahusishwa na saratani ya ini ujanani.