Kanosini madukani Mombasa: ipi ununue, ipi uiache

Jina kanosini sasa liko kwenye bidhaa za aina tatu katika maduka ya dawa na ya virutubisho mjini: kapsuli za kanosini pekee, vidonge vilivyounganishwa na zinki, na matone ya macho. Zinawekwa rafu moja na kusifiwa kwa maneno yale yale, ilhali ubora wake haukaribiani.

Kanosini ni asidi amino mbili zilizoshikana, beta-alanini na histidini. Mrusi Vladimir Gulevich aliitangaza mwaka 1900 baada ya kuitoa kwenye rojo ya nyama. Imo kwenye misuli ya ng'ombe na ya kuku, na mwili wetu hujitengenezea. Mboga hazina. Mla mishikaki anaipata bila kununua chupa.

Tuanze na kapsuli za kanosini pekee, maana ndizo zinazouzwa kwa ahadi kubwa: sukari, figo, uzee. Chupa ya kawaida ina kapsuli 60 za miligramu 500, na lebo inasema moja kwa siku, kwa hiyo mnunuzi anahesabu miezi miwili. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2016, lililoonyesha insulini, homoni ya kushusha sukari, kwenda vizuri zaidi kuliko kwa waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa, lilitumia gramu 2 kwa siku kwa wiki 12. Hizo ni kapsuli nne kila siku. Chupa inakwisha siku ya 15, na kumaliza wiki 12 kunataka chupa sita. Isitoshe, waliojaribiwa walikuwa watu wanene wasio na kisukari. Muuzaji anayekwambia uache metformini, dawa ya kisukari, anakuuzia balaa.

Dozi ndogo inapotea kwa sababu damu ya binadamu ina kimeng'enya, kanosinasi, kinachoivunja haraka. Damu ya panya haina hicho kimeng'enya, na sifa nyingi zilizobandikwa kwenye chupa zimetoka kwa panya.

Wa jimu waachane na kapsuli hizi, wanunue beta-alanini ya unga. Misuli hujitengenezea kanosini kwa zile asidi mbili, na beta-alanini ndiyo inayokuwa haba, si histidini. Gramu 4 hadi 6 kwa siku, zigawe mafungu ya gramu moja hivi pamoja na chakula. Ukimeza zote kwa mkupuo, uso na mikono vitawasha kwa saa nzima. Haidhuru, lakini inakera. Faida huonekana baada ya wiki kadhaa, tena kwenye mazoezi makali ya dakika moja hadi nne.

Ya zinki ndiyo yenye kazi. Japani iliiidhinisha mwaka 1994 kama dawa ya vidonda vya tumbo kwa jina la polaprezinki: miligramu 75 baada ya kifungua kinywa, na 75 kabla ya kulala. Inasaidia utando wa tumbo kupona, ila haichukui nafasi ya antibiotiki kama umepimwa ukakutwa na bakteria wa H. pylori. Kama dawa ulizopewa zina antibiotiki za tetrasaiklini au siprofloksasini, usimeze pamoja, zinki huzishika zisiingie mwilini. Mfamasia akupangie saa. Vidonge viwili vina zinki kama miligramu 34, na kikomo cha mtu mzima ni 40 kwa siku. Ukiongeza multivitamini yenye zinki umepita, na zinki ikizidi kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini, damu ikaanza kupungua. Choo kikiwa cheusi au ukitapika damu, nenda hospitali, si dukani.

Matone ya N-asetili-kanosini kwa mtoto wa jicho: yaache. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa yanauondoa wala kuuzuia. Tiba yake ni upasuaji.

Kabla ya kulipa, soma miligramu za zinki yenyewe kwenye lebo, si jumla ya kidonge, na tazama tarehe ya mwisho. Tikisa chupa. Kapsuli zikisikika bonge moja badala ya kugongana, unyevu wa pwani umeshaingia. Omba nyingine kutoka stoo, isiyokaa dirishani. Nyumbani usitupe kile kipakiti cha kukausha kilichomo ndani, wala usiiweke chupa bafuni au kwenye gari lililoegeshwa juani.