Kikaratasi cha maika kimenirudishia maikrowevu yangu

Jamani mi hii maikrowevu nilishaiaga kabisa. Siku hiyo napasha supu, dakika haijaisha nasikia tatatata kama chumvi imerushwa motoni, kuchungulia naona cheche upande wa kulia ndani, nikachomoa plagi mbio. Fundi mmoja nikamuelezea kwa simu, hata hajaiona, akasema magnetroni, yaani kile kifaa kinachotengeneza mawimbi ya kupasha chakula, imekufa tafuta nyingine.

Kumbe wapi. Pale ukutani ndani kuna kikaratasi kigumu cha rangi ya fedha iliyofifia, miaka yote nilijua ni boksi walilosahau kiwandani 😂 Ile ni maika, inaziba tundu ambalo mawimbi yanaingilia, yenyewe yanapita ila mafuta na mvuke havipiti. Sasa mi nilikuwa nafuta chini tu kwenye sahani, mafuta yanayorukia pale yakakaa yakaungua yakawa mkaa, na mkaa ndo unapiga cheche. Changu kilikuwa na tundu jeusi saizi ya punje ya mahindi.

Nikaagiza maika, inakuja shiti kubwa haijakatwa. Unachomoa ya zamani unailaza juu yake unachora na penseli unakata na mkasi, polepole maana inabanduka tabaka tabaka, mi kona moja nilikata vibaya nikarudia upya. Maelekezo hakuna hata mstari mmoja, hapo nimewatoa nyota, nawapa 4 kati ya 5.

Na ndani nilisafisha pia. Bakuli la maji, siki vijiko viwili, na kijiko cha mbao kikae humohumo, usisahau kukiweka, maji ya maikrowevu yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia tu halafu ukiyagusa yanakulipukia usoni. Ilichemka dakika 5, nikaacha mlango umefungwa dakika 5 nyingine, baada ya hapo sponji tu. Stilwuli hapana, inakwangua rangi na bati likiwa wazi cheche zinarudi palepale. Aibu yangu ilikuwa darini humo ndani ya maikrowevu, ule uchafu wa kahawia ulikuwa unashuka na maji kama chai, na vile vigurudumu chini ya sahani vimeganda makombo ndo maana ilikuwa inazunguka kwa kukwama.

Ila kava la nje usifungue!! Kuna kapasita inabaki na umeme hata plagi imechomolewa, zaidi ya volti 2000 hizo, huko mwachie fundi (sio yule wangu wa simu). Na wale wanaosema toa maika utumie hivyohivyo, mafuta yataingia moja kwa moja kwenye magnetroni, hapo ndo utanunua nyingine kweli.

Nilijaribu na glasi ya maji, sio tupu, kimyaaa. Mwezi wa pili huu hakuna cheche, harufu ya siki iliisha kesho yake. Kidoa cheusi ukutani kimegoma kutoka lakini rangi iko sawa, nimekiacha.