Mbwa wa Kuwinda Koyote: Yupi Ununue, Yupi Uache

Kabla ya kuuliza bei, tazama ardhi utakayowindia. Koyote, yule jamaa wa mbweha anayewahangaisha wafuga kondoo wa Marekani, hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Kwenye nyanda za Kansas na Nebraska utamwona angali mbali. Kwenye misitu ya Kentucky au Georgia humwoni. Unasikia mbwa tu wakibweka bondeni.

1. Running Walker. Kwa wanunuzi wengi, anza hapa. Ni mbwa wa kunusa aliyetokana na mbwa wa kuwindia mbweha waliofugwa Kentucky na akina Maupin na Walker katika karne ya 19. Simpi nafasi ya kwanza kwa sababu ya pua, maana Bloodhound anamzidi. Nampa kwa mwendo. Koyote hapandi mti, na mara nyingi hakimbilii shimoni. Atazunguka tu mpaka mbwa wachoke. Mbwa anayechambua kila unyayo ataachwa nyuma. Walker mzuri akisikia mwenzake ameshika harufu mbele, anaacha alipo na kumkimbilia.

Angalia jina, lakini. Treeing Walker ni mbwa mwingine, wa kumpandisha rakuni, mnyama mdogo wa usiku wa Marekani, mtini na kumbwekea pale chini. Muuzaji akisema "Walker" tu, muulize ni yupi.

2. July. Wa Georgia, mwepesi na mkali wa kufukuza. Wawindaji wengi humchanganya na Walker, na machotara hao ukiwapata usiwadharau. Trigg wa Kentucky naye ni mzuri, ila kumpata ni kazi.

3. Staghound. Kwenye uwanda wazi huyu anapanda namba moja, wala sibishani na mtu. Huwinda kwa macho, si kwa pua. Ni mchanganyiko wa vizazi vingi wa Greyhound, yule mbwa wa mashindano ya mbio, na Deerhound wa Uskochi: mrefu, mwenye kifua kilichoshuka chini na manyoya magumu kidogo. Hubebwa kwenye sanduku nyuma ya pikapu, mlango ukafunguliwa kwa kamba koyote anapoonekana. Greyhound halisi ana kasi kuliko yeye, hufikia kilomita 70 kwa saa, lakini pumzi yake ni fupi na ngozi yake nyembamba huchanwa vibaya na senyenge. Wengine huongeza damu ya Saluki, mbwa yule yule Waarabu wa Ghuba wanayewindia sungura na swala, ili kupata pumzi ndefu. Usimwachie mmoja peke yake, kwani koyote aliyebanwa anauma kweli. Wafunguliwe wawili au watatu. Na usitegemee Greyhound aliyestaafu mashindano: mikataba mingi ya kuwaasili inakataza kuwindia.

4. Mountain Cur au Black Mouth Cur. Huyu hafukuzi, anafukuzwa. Majira ya kuzaa, koyote humtimua mbwa anayekaribia watoto wake, naye mbwa anakimbia kurudi kwa mwenye bunduki, koyote akimfuata. Mmoja anatosha, kwa hiyo ndiye nafuu kwa asiye na nafasi ya kufuga kundi.

Aina ukishaichagua, usinunue kwa picha. Mwombe muuzaji amfungulie mbwa mahali penye kulungu. Akimfukuza kulungu, rudi na pesa zako hata kama bei ni ya kutupa, maana majimbo mengi yanakuadhibu wewe mwenye mbwa. Geuza nyayo uone kama zina nyufa, funua mdomo utazame meno. Makovu ya zamani ya senyenge yasikutishe. Dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu cha minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu na imejaa majimbo ya kusini. Matibabu yake yanaweza kuzidi bei uliyomnunulia.

Kola ya GPS, inayokuonyesha mbwa alipo, itie kwenye bajeti tangu mwanzo, hasa kwa mbwa wa kunusa. Hao huvuka barabara bila kutazama, na huingia kwenye shamba la jirani ambaye hamjaongea. Zungumza naye kabla ya kuleta mbwa nyumbani, na usome sheria za jimbo lako, maana hazifanani.