Godoro la hewa la nyanya: uzoefu wangu wa miezi minne

Nyanya alirudi nyumbani Pumwani, Nairobi, baada ya siku 19 wodini, na kidonda. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia na ulimi umekuwa mzito. Hayo tulishaambiwa. Kidonda hatukuambiwa. Tulikiona mimi na shangazi tulipomwogesha mara ya kwanza, juu kidogo ya makalio, kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Shangazi aliketi sakafuni akalia. Usiku wodi ile ilikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa wengi mno, kwa hiyo wao siwalaumu. Kinachoniuma ni kwamba kila siku tulienda kumtazama, tukakaa saa nzima tumemshika mkono, na hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kumgeuza ili asipate kidonda cha kulalia mahali pamoja.

Muuguzi aliyekuja kumsafisha kidonda ndiye aliyetuambia tutafute godoro la hewa. SHA, bima ya afya ya serikali, ilisaidia gharama za kulazwa, lakini godoro tulilipa wenyewe, shilingi 7,500, katika duka la vifaa vya hospitali katikati ya jiji. Letu ni lile la vifuko vidogo, linalotandikwa juu ya godoro la kawaida. Lipo pia la mirija minene, ila bei yake hatukuiweza. Pampu inatundikwa upande wa miguuni. Inajaza safu moja ya vifuko huku nyingine ikinywea, kisha baada ya dakika kama kumi zinabadilishana, ili pasiwe na mahali pa mwili panapobeba uzito muda wote na damu ipate kupita. Usiku wa kwanza nyanya alilala akisikiliza, halafu akaniita: "Mke mwenzangu, kitanda kinapumua." Tangu augue hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Mwenye duka alikuwa ameiweka pampu kwenye kilo za juu kabisa, godoro likawa gumu kama ubao, na tukalitumia hivyo siku nne. Nyanya ana kilo 54. Unaiweka kulingana na uzito wa mgonjwa, kisha unapitisha kiganja chini ya vifuko, usawa wa makalio: ukihisi mfupa umekugusa, hewa haitoshi. Shuka liwe moja na lisivutwe likakaza. Sisi kwa mapenzi tulikuwa tumetandika nailoni, shuka na leso mbili, hata vifuko havikumfikia.

Stima zikipotea, linanywea pole pole. Huwa tunakunja mirija inayotoka kwenye pampu na kuifunga kwa kamba ili hewa isitoke upesi, na hapo tunamgeuza mara nyingi zaidi. Plastiki yake inatia jasho, hasa mchana. Mwezi wa pili kifuko kimoja kilitobolewa na pini, lakini kiraka kilichokuja ndani ya boksi kimeshika hadi leo. Sauti ya pampu ni mvumo mdogo tu, siku ya tatu hatukuusikia tena.

Ila tafadhali, mwenye mgonjwa, godoro halimgeuzi mtu. Sisi tunamgeuza kila saa mbili, mchana na usiku. Tulianza kwa kufuata adhana, tukaona kutoka isha hadi alfajiri ni mbali mno, sasa tunatumia kengele ya simu. Chini ya mashavu ya miguu tunamwekea mto ili visigino visiguse kitu. Na ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, hivyo usingoje kuuona. Gusa kwa nyuma ya vidole. Palipo na joto au pagumu kuliko pembeni yake, usimlaze hapo tena, wala usipasugue.

Kidonda kilifunga wiki ya kumi na moja, na kingine hakijatokea. Ningelinunua tena bila kusita, na ningelinunua mapema, siku ileile daktari alipotuambia kwamba atakaa kitandani muda mrefu.

Siku hizi usiku, kabla simu haijalia, ananyoosha mkono wa kushoto na kunigusa bega. "Mke mwenzangu," anasema, "upande."