Msumeno wa ukanda wa inchi 18 katika karakana ya nyumbani: uzoefu wangu

Msumeno wangu wa kwanza wa ukanda, yaani ule wa ukanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, ni wa inchi 14, wa umbo ambalo mafundi wengi wanalijua: mwili wa chuma cha kusubu wenye vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, mota ya nguvu farasi moja, na kimo cha milimita 150 tu kutoka mezani hadi kwenye beringi za juu zinazoongoza ukanda. Kwa miguu ya viti, migongo iliyopinda na ndimi za viungo ulinitosha, na hata leo unanitosha. Kilichonifanya nitafute mkubwa zaidi ni kazi moja tu, yaani kupasua mbao pana kwa unene wake, ili ubao mmoja mnene utoe mapande mawili yenye mistari inayolandana kwa ajili ya milango ya kabati, au utoe vinia, yaani mbao nyembamba sana, za kubandika.

Anayeanza kutafuta mashine ya aina hii hukutana kwanza na ile inchi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, nami naona inapewa uzito usioustahili. Inchi hiyo ni kipenyo cha magurudumu, na inachokuambia ni umbali uliopo kati ya ukanda na nguzo ya mashine, ambao huwa pungufu kidogo ya kipenyo chenyewe. Kimo cha ubao unaoweza kupita, ugumu wa mwili na nguvu ya mota ni habari nyingine kabisa. Zipo mashine za inchi 14 zenye mwili wa mabamba ya chuma yaliyochomelewa zinazopitisha ubao wa milimita 300, na kwa mtu ambaye hapasui vipande vipana sana hizo huenda zikamfaa kuliko kupanda hadi inchi 18.

Kabla ya kununua nilipima pia uwezekano wa kuinua ule wa zamani. Kwa mashine nyingi za chuma cha kusubu hupatikana kipande cha kuongezea kimo, ambacho hupachikwa kati ya vile vipande viwili vya mwili na kuufanya upitishe ubao wa takribani milimita 300. Gharama yake ni ndogo na kinavutia, lakini nilikiacha, kwa sababu kimo kinaongezeka maradufu ilhali mota ni ileile, springi ya kukazia ukanda ni ileile, na mwili, ambao sasa ni mrefu zaidi, unajipinda kwa urahisi zaidi pale ukanda unapokazwa.

Suala la kukaza ndilo kiini cha uamuzi wote. Ukanda wa milimita 12 wenye unene wa milimita 0.6 una eneo la chuma la milimita za mraba 7.2, ukanda wa milimita 25 wenye unene wa milimita 0.9 una milimita za mraba 22.5. Ukitaka kila milimita ya mraba ya chuma hicho ivutwe kwa kiwango kilekile, ni lazima mwili wa mashine ustahimili nguvu zaidi ya mara tatu, tena bila kuyumba. Hapo ndipo mashine ndogo inaposalimu amri. Ukanda uliolegea huingia ukiwa wima na kwa macho unaonekana unafuata mstari barabara, kumbe ndani ya ubao umejipinda kuelekea upande mmoja, na pande linatoka limebonyea katikati, kasoro ambayo huioni mpaka mkato umalizike na ubao umekwisha kuharibika.

Mashine niliyochagua ina mwili wa kuchomelewa, magurudumu ya chuma cha kusubu ya inchi 18 na mota ya nguvu farasi 3. Kazi ya kwanza niliyoipa ilikuwa ubao wa mti mgumu wenye upana wa milimita 250, kwa ukanda wa meno matatu kwa kila inchi. Meno machache namna hiyo humtia shaka asiyezoea, lakini katika mkato mrefu kiasi hicho ni lazima pawe na nafasi kati ya jino na jino ya kubeba unga wa mbao mpaka utokee chini. Meno yakiwa mengi, unga hujaa, ukanda hupata moto na kuanza kutangatanga. Nilisukuma ubao taratibu, bila kulazimisha, na mlio wa mota haukubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipopima pande lililotoka kwa kalipa, tofauti ya unene kati ya ukingo wa juu na wa chini haikufika nusu milimita, na alama za meno zilikuwa fupi kiasi cha kuondolewa kwa kupitisha randa kidogo tu.

Utulivu wake pia umeniridhisha. Sarafu niliyoisimamisha kwa ukingo mezani haikuanguka mashine ilipowashwa wala ilipozimwa. Hata hivyo, magurudumu mazito hayasimami upesi. Baada ya kukata umeme ukanda huendelea kuzunguka kimya kwa muda usiopendeza, kwa hiyo breki ya mguu ni kitu ambacho nisingekubali kukikosa katika mashine ya ukubwa huu.

Mafundi hubishana mno kuhusu vishikio vya ukanda, yaani zile sehemu zinazouongoza usiyumbe, kama ni bora viwe beringi au vipande vya seramiki. Mimi nimetumia vyote viwili na sioni cha kubishania, maadamu ukanda ni mkali na umekazwa.

Umeme unahitaji kufikiriwa mapema. Mota ya nguvu farasi 3 ni takribani kilowati 2.2, na inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida, hivyo niliiwekea waya na swichi yake ya pekee badala ya kuichangisha na mashine nyingine. Uzito nao si wa kupuuza: mashine za namna hii huzidi kilo 150 kwa urahisi, na sehemu kubwa ya uzito iko juu, kwa hiyo kuisogeza ni kazi ya watu wawili au zaidi, na ikiwekewa magurudumu ya chini yawe mapana na yenye kufungwa.

Kasoro zipo. Nguzo inayobeba vishikio vya juu ilikuwa haishuki wima. Ukiiteremsha kutoka juu kabisa hadi karibu na meza, vishikio vilikuwa vinahama upande, na kila badiliko la kimo lilinilazimu kuvirekebisha upya. Nililegeza bolti zake nne, nikaweka vipande vyembamba vya bati nyuma ya kishikizo, na tatizo likapungua bila kwisha kabisa. Ukanda uliokuja na mashine haukuwa na thamani yoyote: kiungo chake kilikuwa na kinundu, na kila kilipopita kwenye beringi kilisikika. Bomba la kunyonya vumbi lililo chini ya sanduku la gurudumu lina kipenyo cha milimita 100, lakini limewekwa mbali na meza, na unga mwingi unarundikana kwenye mpira wa gurudumu la chini. Nimelazimika kutoboa tundu la pili karibu na mahali ukanda unapotokea.

Kwa kona kali sijaibadilishia ukanda hata mara moja. Ukanda wa milimita 25 hauwezi kufuata kona ndogo, na kuutoa ili kuweka wa milimita 6, ambao huzunguka nusukipenyo cha milimita 16 hivi, kisha kupanga upya vishikio vyote, ni kupoteza muda wakati ule wa inchi 14 umesimama kando ukiwa tayari. Mwenye nafasi ya mashine moja tu ningemshauri achukue ya inchi 14 yenye mwili wa kuchomelewa na mota isiyopungua nguvu farasi moja na nusu, na afunge ukanda wa milimita 12. Hii ya inchi 18 ni ya mtu ambaye anapasua mbao pana mara kwa mara na ana pa kuuweka ule mdogo.