King'amuzi kimenitia aibu mbele ya mkwe wangu

Jina la kampuni silitaji, wenyewe watajijua. Nilinunua kifurushi chao kikubwa kwa sababu moja tu, chaneli ya watoto.

Hapa Wete, Pemba, watoto wakitoka skuli wanakula, wanakwenda chuoni kusoma Kurani, wanarudi Magharibi inakaribia. Jioni za kutazama kwa nafasi ni Alhamisi na Ijumaa, chuo kikiwa kimefungwa. Basi Alhamisi moja ya karibuni wamejipanga mkekani na katuni yao, baba mkwe yuko kitini anangoja adhana. Katuni ikakatwa, likaingia tangazo la tamthilia ya usiku: mwanamme na mwanamke kitandani, nusu uchi. Naitafuta rimoti, kumbe imekaliwa na mtoto! Mzee akakohoa, akachukua bakora yake akatoka bila ya neno. Mdogo wao akaniuliza, "Mama, wale wanafanya nini?" Uso sikujua niuweke wapi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea msichana, salamu yangu hakuijibu vizuri. "Mama, weka namba ya siri." Namba ya siri inafunga chaneli nzima, au kipindi kilichotiwa alama ya umri. Tangazo lile halina alama yoyote na limepenyezwa katikati ya kipindi cha watoto. Sasa nifunge nini, katuni? Nikamwambia hivyo hivyo. Akanijibu, "Wateja wengine hawalalamiki, labda nyie huko Pemba."

Labda nyie huko Pemba! Wallahi neno hilo limeniuma kuliko tangazo lenyewe. Zanzibar ina televisheni ya rangi tangu 1973, Bara walingoja mpaka 1994. Leo tunaambiwa hatujui kutazama? Na hilo silo la Pemba peke yake. Uingereza nako mambo ya wakubwa yanangoja saa 3 usiku, na hata saa hiyo ikifika kanuni zao zinakataza kuyaingiza kwa ghafla. Kwa sababu mpanga ratiba anajua nani amekaa mbele ya televisheni saa ngapi, kazi yake ndiyo hiyo. Na hawa wanajua sana! Asubuhi, sisi akina mama tuko nyumbani, ni sabuni na mafuta ya kupikia. Habari ni saa 2 usiku, wazee washasali Isha. Kwenye mpira ni vocha na kubeti. Saa ya kila mtu wanaijua pale wanapotaka kumuuzia kitu. Ya mtoto wakaitumia kuuza tamthilia ya wakubwa.

Haki yao niwape. Katuni zenyewe nzuri, zimetiwa Kiswahili fasaha, wanangu wamejifunza humo maneno ambayo hata mie sikuyatarajia. Na picha haikatiki hata mvua za masika. Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu. Lakini nikimkumbuka mzee anavyotoka na bakora yake, na ile sauti ya simu, naona moja yatosha, na hiyo ni ya katuni.

Kifurushi kikimalizika silipii, watoto walie watakavyo. Labda wao wanipigie waniambie tangazo lile limeondolewa saa za watoto, na msichana yule aniombe radhi. Hapo nitalipa siku hiyo hiyo, tena kile kikubwa.